Sauti iko, picha hakuna: televizyo bapa ya inchi 32, dale (kioo cha picha) imekufa ao ni taa za nyuma?

birere_32 (Goma)

Jambo mafundi. Naomba msaada juu ya televizyo bapa ya LED, inchi 32, imefanya kazi kama miaka minne. Tangu juzi hali ni hii: ukibonyeza telekomande, taa ndogo nyekundu inageuka kijani, kioo kinawaka sekunde moja hivi, kisha giza. Sauti inaendelea vizuri, unaweza hata kubadili chaneli. Kuran (umeme) ya huku Birere inakatika na kurudi mara nyingi kwa siku, kwa hiyo shaka yangu ni kwamba kuran ndiyo imeiua.

Fundi mmoja wa sokoni ameitazama kwa macho tu, akasema dale imekufa, na dale peke yake inakaribia bei ya televizyo nzima. Kuna namna ya kuhakikisha bila kununua kitu? Na kama si dale, ni kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani? Multimetri iko, bisibisi ziko, chuma cha kulehemu cha wati 40 kiko.

fundi_kadutu (Bukavu)

Yaya, usitoe pesa ya dale bado. Mwanga wa sekunde moja, kisha giza, na sauti inaendelea: hiyo kwa kawaida ni dalili ya taa za nyuma, si ya dale.

Zile televizyo za zamani zenye mgongo mrefu zilitengeneza picha na mwanga mahali pamoja. Tiyubu ilirusha elektroni kwa volti zaidi ya 20,000, zikagonga fosfa iliyopakwa ndani ya kioo, na palipogongwa ndipo palipong'aa. Televizyo bapa imezitenga kazi hizo mbili. Dale haitoi hata chembe ya mwanga. Ni pazia lenye vidirisha: inchi 32 ya kawaida ina nukta 1,366 kwa 768, na kila nukta ina vidirisha vitatu, chekundu, cha kijani na cha buluu, jumla zaidi ya milioni 3. Ndani ya kila kidirisha mna fuwele za majimaji zilizobanwa kati ya filamu mbili zinazochuja mwanga. Volti kidogo zikibadilika, fuwele zinageuka, na mwanga unapita mwingi, unapita kidogo ao unazuiwa. Mwanga wenyewe unatoka nyuma, kwenye LED nyeupe zilizopangwa juu ya vibamba vya aluminiamu tunavyoviita bareti. Kwa hiyo jina «televizyo ya LED» linadanganya kidogo. Picha ni ya LCD, LED ni taa tu. (OLED ni jambo lingine, kule kila nukta inajiwakia yenyewe, na haya yote hayaihusu.)

Kipimo cha bure ni tochi. Ngoja usiku ao funga mapazia, zima taa za chumba. Washa televizyo, subiri hadi sauti itoke, kisha bonyeza menyu ili maandishi makubwa yakae kwenye kioo bila kutembea. Leta tochi ya simu karibu kabisa, sentimita 3 hadi 5, kwa mshazari, usiielekeze moja kwa moja. Tazama pembeni ya duara la mwanga. Ukiona kivuli cha maandishi ya menyu, hata kikiwa hafifu kama maandishi ya penseli, dale inafanya kazi, karte mama (bodi kuu ya saketi) inafanya kazi, na kinachokosekana ni mwanga wa nyuma peke yake.

Usipoona chochote, geuka upande wa nyuma, chungulia kwenye matundu ya hewa gizani. Kama nyuma kunang'aa na mbele ni giza tupu, hapo ndipo unaanza kuishuku dale ao karte ya tikoni, ile ndogo inayogawa ishara kwenye dale. Lakini kwa hali uliyoeleza sitegemei uifikie.

Kuhusu kuran: ingekuwa kuran imepiga, ungeikuta televizyo imekufa kimya, bila taa nyekundu, fyuzi imelipuka. LED za nyuma hazipati kuran ya ukutani. Zinalishwa na saketi inayopima miliampea zake muda wote na kuzishikilia palepale, hata ukutani pakiwa na volti 180 ao 240. Kinachoziua ni joto lao wenyewe. Dale inapitisha chini ya sehemu 10 kwa 100 za mwanga unaoingia nyuma yake, kwa hiyo kiwanda kinazisukuma LED kwa nguvu ili picha ing'ae dukani.

birere_32

Asanti sana, papa. Tochi imeonyesha: menyu inaonekana, hafifu lakini inasomeka. Nyuma kwenye matundu kunamulika mara moja wakati wa kuwasha, kisha giza. Sasa nifungue wapi?

himbi_volti (Goma)

Kabla ya kugusa dale, fungua kifuniko cha nyuma tu na upime. Kuna makosa mawili yanayofanana kwa macho: LED iliyokatika, na saketi ya kuzilisha iliyokufa. Ukifungua dale kumbe kosa liko kwenye karte, umejiingiza kwenye hatari ya bure.

Chomoa prizi. Laza televizyo kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa mara mbili, mezani, bila kitu kigumu chini yake. Toa skrubu zote na uzipange kwa mahali zilipotoka, maana za mguu ni ndefu, na ukiichomeka ndefu mahali pa fupi inaweza kutoboa hadi ndani. Ndani utaona karte ya kuran na karte mama, ao karte moja iliyobeba vyote.

Hatari iko hapa. Ile kondansateri kubwa, kubwa kuliko zote, iliyoandikwa volti 400 ao 450, inajaa volti kama 311 moja kwa moja, kwa sababu 220 mara 1.414 ndiyo kilele cha kuran ya ukutani. Inaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Subiri dakika 5, ipime, na kama bado iko juu ya volti 10 imalize kwa rezistansi ya ohmu 2,000 ya wati 10, ao kwa balbu ya zamani ya wati 60. Bisibisi siyo kifaa cha kumaliza chaji. Cheche yake inakula miguu ya kondansateri, na mara nyingine diodi za jirani.

Sasa tafuta konekteri ya LED, kwa kawaida nyaya mbili tu zinazoingia kwenye tundu la bati la nyuma ya dale, imeandikwa LED+ na LED−. Weka multimetri kwenye volti za moja kwa moja, daraja la 600 ao 1,000. Ncha nyeusi ikae kwenye bati la tundu la antena ao ganda la HDMI. Usiiweke upande wa kondansateri kubwa: ardhi ya upande ule imeungana na kuran ya ukutani, na karte nyingi zimechorwa mstari mnene unaozitenganisha pande hizo mbili. Ncha nyekundu kwenye LED+, ikiwezekana kwa kibanio ili mikono iwe mbali. Ndipo uchomeke prizi na kuwasha.

Utakachoona kina maana hizi. Saketi ya kulisha LED inapandisha volti kutoka 12 ao 24 kwa kutumia bobini (koili ya waya), tranzista na diodi. Ikiwa imelala, volti za kuingia zinapita tu kwenye bobini na diodi, utasoma 23 na kitu ao 11 na kitu, bila kupanda hata mara moja. Hapo pima ishara ya kuwasha taa, inaandikwa BL-ON ao ENA, inatoka karte mama na inapaswa kuwa volti 3 hadi 5. Iko na volti hazipandi? Kosa liko kwenye saketi. Haiko? Kosa liko karte mama.

Lakini zikipanda juu kwa ghafla, kisha zikashuka hadi zile za kuingia, saketi ni nzima. Imejaribu kusukuma kuran, haikupita, ikazidi kupandisha hadi kinga ikaizima. Maana yake njia imekatika: LED moja, ao konekteri, ao lehemu iliyopasuka.

birere_32

Nimepima. Inapanda hadi 141, inakaa kufumba na kufumbua, inashuka 23.6, inabaki hapo. Nimerudia mara tatu, vilevile.

lshi_kenya (Lubumbashi)

Basi iko wazi, moja imekatika. Bareti zote ziko mfululizo, kama taa za mapambo ya Noeli za zamani: moja ikikatika zote zinazima. Fungua, tafuta iliyokufa, iunganishe juu kwa waya mdogo ili kuran iiruke, funga. Saketi inashikilia miliampea, siyo volti, kwa hiyo haitajali kwamba moja imepungua. Nusu saa kazi imekwisha.

fundi_kadutu

Ndugu wa Lubumbashi, hesabu yako ni ya kweli na inawasha televizyo, hilo sikatai. Lakini ina ila tatu. Mahali palipokufa LED panabaki doa la kivuli, na kwenye inchi 32 yenye LED 18 doa hilo lina upana wa kiganja. Ukitazama mpira kiwanja cha kijani kinalionyesha muda wote. Pili, televizyo zenye njia mbili ao zaidi za LED zinalinganisha njia hizo, na ukipunguza LED upande mmoja kinga inaweza kuzima tena. Tatu, na ndilo kubwa: LED zote zimezaliwa siku moja na zimepikwa kwa joto moja. Moja ikikatika, wenzake wako njiani. Utaifungua tena dale baada ya miezi michache, na kila ufunguzi ni nafasi mpya ya kuivunja.

Waya wa kuruka ni wa kupima, siyo wa kukaa.

Birere_32, 141 yako inasema mengi. Kinga ya volti huwekwa juu kidogo ya volti za kazi. Inafanana na LED 18 za volti 6, maana 18 mara 6 ni 108. Zingekuwa 18 za volti 3 zingehitaji 54 tu. Usiagize kitu kabla ya kuzihesabu kwa macho, lakini jiandae kwa za volti 6. Kosa hili linawaponza wengi: LED za volti 3 na za volti 6 zina umbo moja, huwezi kuzitofautisha kwa kuangalia. Ukichomeka ya volti 3 kati ya za volti 6 itawaka, ila itatoa karibu nusu ya mwanga wa wenzake, na utadhani umenunua mbovu.

Sasa kufungua dale. Tafuta mtu wa pili, hii si kazi ya mtu mmoja. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Chumba kisiwe na vumbi. Kwenu Goma lile vumbi jeusi la lava ni gumu kama msasa, punje moja chini ya filamu inaonekana kama nyota nyeusi.

Toa konekteri ya tepe bapa kwenye tikoni kwa kuinua kifungio chake, usiivute. Geuza televizyo uso juu. Toa fremu ya nje, kisha fremu nyembamba inayoshika dale. Kwenye ukingo wa dale, mara nyingi wa chini, utaona vipande vya filamu laini ya rangi ya kahawia vinavyounganisha kioo na karte ndefu nyembamba. Vile ndivyo uhai wa dale. Ndani yake mna chipu, na nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele. Kikikunjwa ao kikivutwa kimoja tu, utapata mstari wa wima ao kipande cheupe, na hapo ndipo maneno ya yule fundi wa sokoni yatakuwa kweli. Toa skrubu za karte ile ndefu ili isogee pamoja na kioo. Bandika tepe ya karatasi kuishikilia.

Mnainua dale wawili, kila mmoja pembe mbili, sambamba kabisa, bila kuikunja. Ilazeni juu ya kitambaa safi mahali ambapo mtoto hafiki. Chini yake mna filamu mbili ao tatu na kibamba kinene cheupe. Zipige picha kwa simu kabla ya kuzigusa: mpangilio na upande wa juu wa kila moja. Filamu yenye mistari midogo ikigeuzwa, picha inakuwa na giza pembeni, na ni lazima kufungua upya. Chini kabisa ni karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga yenye matundu, na lenzi zinachomoza ndani yake.

birere_32

Tumefungua, dale iko salama. Bareti ziko 3, kila moja LED 6, jumla 18. Ulihesabu vema, papa. Nimejaribu multimetri kwenye alama ya diodi: hakuna hata moja inayowaka! Inawezekana zote zimekufa?

himbi_volti

Hapana, mtego huo unawanasa wengi. Multimetri kwenye alama ya diodi inatoa volti 2 hadi 3 tu katika nyingi. LED ya volti 6 ina vipande viwili ndani yake vilivyofuatana, haiwezi kuwaka kwa hizo.

Chukua betri ya pikipiki ya volti 12 na rezistansi ya ohmu 1,000 kwenye waya wa chanya. LED ya volti 6 itapata miliampea 6, ya volti 3 itapata 9. Zote zinawaka kwa upole bila kuungua hata ukishika muda mrefu. Gusa pande mbili za kila LED. Isipowaka, geuza nyaya, labda umekosea chanya na hasi. Na hapohapo pima volti juu ya LED inayowaka: ukisoma 5 na nusu hivi ao karibu 6, ni ya volti 6, ukisoma 2.7 hivi, ni ya volti 3. Huo ni uthibitisho kuliko maandishi ya kwenye bareti.

Toa lenzi pia uangalie LED yenyewe. Yenye afya ni ya manjano safi, kwa sababu LED nyeupe ni LED ya buluu iliyofunikwa fosfa ya manjano. Yenye kidoa cheusi katikati imeungua. Ile ambayo manjano yake yamepasuka ao yamebadilika kahawia itatoa mwanga wa buluu, na ndiyo sababu ya zile televizyo ambazo picha inageuka zambarau: siyo rangi zilizoharibika, ni fosfa iliyopikwa.

birere_32

Betri ya pikipiki imefanya kazi. 17 zinawaka, 1 imekufa, iko bareti ya katikati. Volti ni 5.6. Lakini kati ya zile 17, mbili zina kidoa cheusi kidogo, na nne zimekuwa kahawia. Ninunue LED moja moja ao bareti nzima?

fundi_kadutu

Saba kati ya 18 ni wagonjwa. Nunua seti nzima ya bareti 3. Andika namba iliyochapwa kwenye bareti, siyo modeli ya televizyo peke yake, maana modeli moja inaweza kutoka na bareti za aina mbili. Kabla ya kulipa linganisha mambo haya: urefu kwa milimita, idadi ya LED, umbali kati ya LED na LED, mahali konekteri ilipo, na volti. Ukiweza, nenda na bareti ya zamani na ile betri yako dukani.

Kulehemu LED moja moja kwa chuma cha wati 40 ni taabu. Aluminiamu ya bareti inanyonya joto lote, risasi haiyeyuki vizuri, unabonyeza, na LED inaungua kabla ya kushika. Anayefanya hivyo anahitaji sahani ya moto chini ya bareti. Tena usiamini kwamba mguu mpana ni hasi ao chanya. Viwanda havikubaliani, pima kila moja.

Wakati wa kubandika, ng'oa gundi ya zamani yote na usafishe bati kwa alikoli. Bareti ikae imelala bapa kabisa juu ya bati, kwa tepe ya kupitisha joto. Bati la nyuma ndilo bomba la kutolea joto la LED. Bareti iliyoinuka milimita moja katikati inajipika yenyewe. Lenzi iliyong'oka ibandikwe kwa gundi ya mchanganyiko wa mirija miwili, kitone kidogo kwenye kila mguu. Ile gundi ya kukauka mara moja inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye lenzi. Na usifunge bila lenzi ukidhani si kitu: utapata mwanga mkali kama sarafu pale katikati na giza kandokando yake.

lshi_kenya

Kwa seti nzima nakubali. Ila hamjamwambia jambo la kufanya bareti mpya zisife kama za kwanza. Punguza miliampea.

LED ya volti 6 ya wati 2 inabeba kama miliampea 350. Kwenye LED 18 hiyo ni wati karibu 38 za joto na mwanga ndani ya sanduku bapa. Karibu na tranzista ya saketi ya LED kuna rezistansi ndogo mbili, tatu ao nne zilizo sambamba, za ohmu chache, upande mmoja umeungana na ardhi. Hizo ndizo zinazopima kuran. Zikiwa tatu zenye thamani moja, ukitoa moja kuran inashuka kwa theluthi, kutoka 350 hadi 233 hivi. Wati zinashuka hadi 25. Picha inapungua mwanga kidogo tu, maana jicho halihesabu kama multimetri. Kwa nyumba inayotazama kwa betri na sola, wati 12 na nusu kwa saa tano ni watisaa 63 kila jioni, taa ya LED ya wati 7 inawaka saa tisa kwa hizo.

Zikiwa mbili tu, usitoe moja, utakata nusu na picha itakuwa ya msibani. Badili moja kwa yenye ohmu kubwa zaidi. Na usitoe zote! Njia inakatika na hutapata mwanga wowote.

himbi_volti

Asiyetaka kugusa karte anaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwenye menyu. Menyu nyingi za huku ziko kwa Kifaransa, na watu wanachanganya: «Luminosité» inabadilisha dale tu, inafanya nyeusi iwe nyeusi zaidi ao kijivu, LED hazihisi kitu. Inayopunguza LED ni «Rétroéclairage», ao ile ya kuokoa nishati. Kutoka 100 teremsha hadi 50 ao 60. Na ile hali ya picha kali iliyowekwa kwa ajili ya dukani, iondoe siku ya kwanza.

Kuhusu kuran inayokatika, naongeza kwa yale aliyosema wa Bukavu. Ni kweli haiui LED moja kwa moja, lakini kuwaka na kuzima mara kumi kwa siku kunatanua na kusinyaza lehemu za bareti, na lehemu iliyochoka inapasuka. Karte ya kuran ndiyo inayoumia zaidi. Ubaya mkubwa kuliko kukatika ni netri (waya wa kurudisha kuran) kukatika kwenye nguzo wakati fazi (nyaya zinazoleta kuran) ziko: nyumba inaweza kupata hadi volti 381 badala ya 220, na kilele chake ni 539, kondansateri ya 450 inafumuka kichwa. Kwenye mlango wa kuran kuna kidonge bapa, mara nyingi cha buluu, kimeandikwa 471. Hicho kinajitoa mhanga: volti zikizidi kinapitisha kuran nyingi, fyuzi inakatika. Ukikuta kimepasuka, badilisha kidonge na fyuzi kwa thamani ileile, kwa mfano ampea 3.15. Waya wa shaba badala ya fyuzi unamaanisha kwamba safari ijayo itaungua karte badala ya fyuzi.

Weka kinga ya volti inayokata chini ya 180 na juu ya 250, yenye kuchelewa sekunde 30 kuran ikirudi. Zile za dakika 3 ni za friji, televizyo haina kompresa ya kupumzisha.

fundi_kadutu

Na radi. Kabare, hapa juu ya Bukavu, imepimwa kwa setilaiti kuwa ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, miale 205 hivi kwa kilomita moja ya mraba kila mwaka. Watu wanachomoa prizi na kuacha waya wa antena. Radi inaingia kwa waya wa sahani, inapita dekoda, inafuata HDMI na kuua karte mama. Mvua ikianza kunguruma, chomoa vyote viwili. Goma mna shida ya ziada: palipofunikwa na lava ya 2002 fimbo ya ardhi haipenyi kirahisi na jiwe kavu halipitishi kuran vizuri, msiitegemee sana.

birere_32

Bareti 3 nimepata, za volti 6, urefu ni uleule. Rezistansi za kupima ziko tatu, zote zimeandikwa 2R2. Nikishabandika, nirudishe filamu moja kwa moja?

himbi_volti

Usirudishe bado. Tatu za 2R2 (yaani ohmu 2.2) sambamba ni ohmu 0.73, ukitoa moja zinakuwa 1.1, ni sawa na hesabu ya Lubumbashi. Toa moja, kisha washa bila dale na bila filamu, televizyo ikiwa imelala, bareti zote zikionekana. Usitazame LED macho kwa macho, zinaumiza. Weka karatasi nyeupe juu na uangalie kama mwanga ni sawa pande zote. Pima tena LED+: sasa inapaswa kupanda na kusimama karibu na 100 hadi 108, isitikisike. Iache saa mbili. Shika bati kwa nyuma, kwenye mstari wa kila bareti. Likiwa vuguvugu kote ni sawa. Sehemu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, bareti haijalala pale, ing'oe na uibandike upya kabla ya filamu kurudi.